Eunike na Mazoezi ya Uani

Enzi za Mwingereza, katika hospitali ya misheni kwenye mteremko wa Meru, kila mgonjwa wa wodi ya wanawake alimtaka Eunike. Wahudumu wengine tulikuwepo, lakini jina lililoitwa ni lake. Tangu usichana alizoea kubeba mikungu ya ndizi kutoka shambani bila kumwomba mtu msaada, na wagonjwa aliwanyanyua vivyo hivyo, peke yake, huku akiwatania. Nilimpenda, na alinikera.

Nesi mkuu, Mswidi mmoja mwembamba, alituona kila jioni tukishika viuno, akatuanzishia mazoezi. Kengele ya asubuhi ikigongwa tunajipanga uani, tunainama, tunanyoosha mgongo, tunachuchumaa na kuinuka, kisha tunafundishwa kumwinua mgonjwa wawili wawili. Mwanzoni tulicheka mpaka machozi. Viuno vilipoacha kuuma, tukaacha kucheka.

Eunike hakuja hata mara moja. Kengele ikilia, huyoo, kakimbilia chumba cha kufulia. Tukasema anaringa. Kisha siku moja, akimgeuza mama mmoja mnene, alipiga kelele akaanguka magotini. Alirudishwa kwake kwa machela.

Daktari alisema mgongo utapona taratibu. Nesi mkuu naye akaweka sharti: Eunike hatarudi wodini mpaka akubali kufanya mazoezi na wenzake.

Nilipokwenda kumwona, nilimkuta ametandika kitanda chake kama vya wodini, shuka limekunjwa vizuri pembeni. Kutoka hospitalini, ng'ambo ya mto, ikasikika kengele ya chakula cha wagonjwa.

"Sasa wanagawa uji," alisema. "Yule bibi wa dirishani, nani anamlisha?"

"Mimi, nikiwa zamu."

"Unampozea kwanza?"

Machozi yakamtoka. Aliikumbuka wodi yake jinsi mama anavyomkumbuka mtoto aliye mbali, hata harufu ya dawa ya kusafishia sakafu aliitamani.

"Si ufanye hayo mazoezi urudi!" nilimkaripia.

"Ruth, nitainamaje mbele ya baba mkwe?"

Mzee Sumari, baba wa mumewe, ndiye aliyekuwa mfagizi wa hospitali. Kila asubuhi alisimama na ufagio wake palepale tulipojipanga. Kwa Wameru, mke wa mwana hainami na kujinyoosha ovyo mbele ya mkwe wake, na hata kulitaja jambo lenyewe ni aibu. Eunike alikuwa ameona heri mgongo uumie.

Mimi ni mtu wa Machame, mzee yule si mkwe wangu, na kunyamaza sijui. Nilimfuata uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Alifagia tu, mpaka nikaona haya nikaondoka.

Kesho yake kengele ilipogongwa, mzee alilaza ufagio chini, akatugeuzia mgongo, akautazama mlima mpaka tulipomaliza. Siku iliyofuata akafanya vilevile. Masika yalipoanza, mlima ukafichwa na mawingu, naye aliendelea kusimama kwenye manyunyu akitazama ukungu. Na Eunike mwenyewe hakuwepo.

Nikarudi kwake. "Baba mkwe wako anakungoja," nilimwambia, nikamsimulia nilichokiona. Alibaki mlangoni akiitazama njia ya hospitali, na moyo uliniuma, kwa maana mgongo wake bado haukumruhusu kuipanda.

Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni alipokuja, akitembea polepole. Akasimama mstari wa nyuma. Kengele ikagongwa. Mzee Sumari akalaza ufagio chini, akageukia mlima kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba," Eunike alisema kwa sauti ndogo.

Mabega ya mzee yalitikisika kidogo chini ya koti lililolowa, lakini hakugeuka.

"Marahaba, mwanangu."

Eunike akainama.