Kichuguu cha Nyuma ya Maktaba

Mimi huandika polepole. Shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika nusu, na mpaka nikamaliza darasa la nane sikuwahi kuwa na daftari lililokamilika. Ninalisema hili mapema kwa sababu polepole yangu ina sehemu yake katika mambo haya, na mdomo wangu mzito una sehemu kubwa zaidi.

Mama yake mama yangu anaishi Kabuchai. Sisi wajukuu humwita Kukhu. Zamani yeye na babu walikuwa na shamba Saboti, wakafukuzwa wakati wa fujo za mashamba. Siku waliyokimbia, mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka sita, alikuwa na homa kali na hakuweza kutembea. Kukhu alitangulia akiwa na mama yangu mgongoni. Babu akabaki nyuma na mgonjwa. Siku ya nne babu alifika Kabuchai peke yake, viatu mkononi, akasema neno moja tu: "Nimemlaza." Alimlaza wapi, hakusema. Kukhu alimuuliza mara moja, babu akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Hakumuuliza tena. Babu naye akafa.

Mwaka juzi mchungaji wetu alileta habari. Alisema babu, katika miaka yake ya mwisho, alizungumza na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akizunguka na kinasa sauti, akiwauliza wazee juu ya mashamba waliyoyaacha. Maneno yao yalipigwa chapa yakawa kitabu.

"Mzee alieleza yote," mchungaji alisema. "Hata habari ya yule kijana wenu."

Kukhu alikuwa akichambua maharagwe. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikaa Kitale kwa shangazi.

"Kitafute. Uninakilie," alisema. "Anza pale alipoanza yeye. Na usinitangulie. Mahali alipolala mwanangu nitasikia mimi, halafu wewe."

Nilimwelewa. Kwetu habari ya kifo haikimbizwi. Aliyeileta huketi kwanza, huulizwa safari, husimulia mvua na barabara, na kifo chenyewe hukifikia kwa miguu. Anayekurupuka nacho mlangoni, watu husema amekuja nacho yeye.

Nilianzia karibu na Kabuchai, maktaba ya umma ya Bungoma. Nilisimama nje mpaka jua likanihamisha, maana sikujua kama mtu aliyeishia darasa la nane anaruhusiwa. Ndani walikuwa wanafunzi wengi, wengine wamelala juu ya vitabu. Mzee wa dawatini alitafuta katika kompyuta, akatafuta tena katika droo ya kadi.

"Hicho hatuna, dada. Hicho ni cha watu wa utafiti. Jaribu Kitale."

Akaniandikia jina la mahali kwenye kipande cha karatasi. Sitaliandika hapa, na hata hivyo mahali penyewe pamefungwa. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, iliyoachwa na chama cha wakulima wa zamani. Ilikuwa na ramani, ripoti za udongo na mahindi, na rafu moja ya mambo ya wazee, na hapo ndipo nilipokikuta kitabu. Masharti yalikuwa makali. Mkoba na simu unaviacha mlangoni, unapewa kibao chenye namba. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Kitabu hakitoki. Mashine ya fotokopi ilikuwepo, lakini mama mkutubi alikataa kwa kitabu changu kwa sababu uti wake ulikuwa umelegea.

"Ukikifungua sana kitafumuka," aliniambia. "Andika kwa mkono. Una haraka gani?"

Nilikuwa nafua nguo za watu mtaa wa Kipsongo, kwa hiyo nilipata Jumanne na Alhamisi asubuhi. Maneno ya babu yalikuwa kurasa ishirini na kitu. Mimi nilimaliza nusu ukurasa kwa siku, siku nzuri ukurasa. Kila mwisho wa mwezi nilienda Kabuchai kusoma nilichopata. Kukhu alisikiliza macho yamefumbwa. Wakati mwingine alicheka na kumjibu babu: "Mwongo huyo! Ng'ombe alikuwa wangu!"

Mlangoni pa maktaba alikuwepo askari, mzee wa Bungoma kama sisi. Aliposikia ninatoka Kabuchai, alikozaliwa mama yake, akaanza kuniita mama.

"Mama yangu amekuja! Leo utamaliza hicho kitabu au kitakumaliza?"

Nyuma ya nyumba, kando kabisa ya ukuta, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Kilikuwa cha yule askari. Asiyetoka kwetu ataona ajabu kwamba kichuguu kina mwenyewe, lakini kwetu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Hukibomoi, hukichimbi, na kumbikumbi wake hawaguswi bila ruhusa. Mtangulizi wake kazini alimwachia yeye, kwa mdomo, siku ya kustaafu. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, askari alikizungushia vijiti na majani ya migomba, kisha mchana, jua likitoka baada ya manyunyu, alikuwa akipiga ubao taratibu kwa vijiti viwili ili walio chini wadhani mvua inanyesha. Ndani, chini ya tangazo la KIMYA, sisi tulisoma huku tukisikia mvua isiyokuwepo.

Alinipa kikombe cha kwanza cha kumbikumbi, wamekaangwa na chumvi. "Mpelekee mama mzee."

Kukhu alikula wote. Alisema hajaonja watamu hivyo tangu Saboti.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa nne niliposikia sauti nyingine. Askari alikuwa ameacha kupiga ubao, na bado kitu kilikuwa kikigonga. Kidogo sana, kama kucha juu ya karatasi. Kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena. Niliinua kichwa. Mama mkutubi alikuwa akipiga miayo. Nilipoweka mkono juu ya rafu, ikanyamaza.

Kitabu changu kilikaa rafu ya chini, mwisho kabisa, ukutani. Siku ile nilipokirudisha niliona nyuma ya rafu mstari wa udongo mwekundu, mwembamba kama kamba, umepanda kutoka sakafuni. Nimekulia nyumba ya udongo. Ninajua mstari ule ni njia ya nani.

Nilipaswa kwenda dawatini hatua saba na kusema sentensi moja. Niliipanga kichwani. Nikafika, mama mkutubi akaniangalia juu ya miwani, nikasema, "Asante, nimemaliza." Haya ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nikisema, watakichimba kichuguu cha mtu aliyekuwa akimlisha bibi yangu.

Nikamwambia askari.

Alicheka, lakini si sana. "Ati wameingia ndani? Hao ni watu wangu, bana. Nitaongea nao." Jumanne nilimkuta amemwaga majivu kando ya ukuta, kama tunavyofanya nyumbani kwenye ghala la mahindi. "Si umeona? Wameshiba huko chini. Karatasi ya nini?"

Kwa wiki mbili sikusikia kitu. Kisha ikagonga tena, safari hii karibu na goti langu.

Siku hiyo niliogopa, nikafanya nililokatazwa. Nilikuwa bado na kurasa sita. Nilifungua mwisho wa maneno ya babu na jicho langu likaangukia mahali penyewe: *Sikuwa na jembe, nikachimba kwa panga. Nikamlaza ubavuni mwa kichuguu, kwa maana kichuguu hakuna atakayekilima. Kile*

Nikafunga. Ilikuwa kama nimeingia chumba cha Kukhu bila kubisha. Nilijiambia kurasa sita ni wiki tatu, wiki sita nikichelewa, na yeye amengoja zaidi ya miaka thelathini.

Jumamosi ile shangazi akashikwa na malaria. Alilazwa, mimi nikabaki na watoto wake, na mvua ikanyesha kila siku. Sikuenda maktaba kwa wiki tatu.

Niliporudi, kitabu kilikuwa mahali pake. Uti wake wa kijivu ulikuwa vilevile, namba yake nyeupe vilevile. Nilikivuta, mkono wangu ukaenda juu kuliko nilivyotaka. Kilikuwa chepesi.

Nilikiweka mezani nikafungua jalada. Ndani palikuwa na udongo mwekundu wenye unyevu, na vijia, na vitu vyeupe vikikimbia mwanga. Pembeni karatasi zilikuwa zimebaki kama fremu ya picha, bila picha.

Safari hii sikuhitaji kusema. Mama mkutubi aliiona sura yangu akaja. Alivuta kitabu cha pili, cha tatu, akavuta vya rafu ya juu. Vyote vilikuwa vimesimama vizuri, ndani vitupu. Akaketi sakafuni na sketi yake ya kazi.

"Hii si ya jana," alisema. "Hii ni ya miezi. Hakuna mtu aliyeona? Mtu yeyote?"

Tulikuwa wasomaji wanne. Nilitazama penseli yangu. Nje askari alikuwa akipiga ubao, tik-tik, tik-tik, na kumbikumbi walikuwa wakitoka kwa wingi, tuliona mabawa yao dirishani.

Jioni ya siku hiyo aliitwa mfyatua matofali aje akichimbe kichuguu. Alikuja na toroli na vijana wawili, uso umejaa furaha. "Udongo wa kichuguu ndio wenyewe," alisema. "Tofali lake halivunjiki." Askari alisimama kando, kofia mkononi, kama mtu aliye mazishini. Nilipopita getini alinipa kikombe, kimefungwa kwa nailoni.

"Wa mwisho. Mpelekee."

Sikutaka kukipokea. Lakini kumbikumbi wa mtu, akikupa mwenyewe, hukatai.

Kabuchai nilimkuta Kukhu ameketi mlangoni, miguu imevimba. Alimimina kumbikumbi kwenye bakuli, akaanza kula wakati mimi nasoma. Nilisoma polepole kuliko kawaida ili nisifike. Babu alikuwa amevuka mto, amembeba mtoto begani, mtoto anaomba maji. Hapo penseli yangu iliishia.

"Endelea," Kukhu alisema.

"Hakuna tena, Kukhu. Mchwa wamekula."

Alitafuna, akameza. "Wamekula nini?"

"Kitabu. Chote. Niliwaona mapema, sikumwambia mkutubi." Kisha nikamwambia lililobaki, kwa sababu lilikuwa linaniunguza: kwamba nilimtangulia mara moja, mistari miwili, na kwamba babu alimlaza ubavuni mwa kichuguu.

Mkono wake ulikuwa ndani ya bakuli. Aliutoa, akaupangusa kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

"Kipi?"

"Sikusoma. Ulisema nisikutangulie."

Kuku wakaja wakaanza kudonoa bakuli, wala hakuwafukuza.

"Tulikuwa na vitatu," alisema mwishowe. "Cha zizini, cha njiani na cha mpakani. Vitatu basi. Wiki ijayo tunaenda."

"Na miguu yako?"

"Nitatembea kama unavyoandika."

Tulienda yeye, mimi na mjomba, mdogo wa mama yangu. Shamba sasa ni la watu wengine. Mama wa boma alitukaribisha vizuri, akatupa maziwa, akasema tuzunguke tupendavyo, watu wa zamani huja. Kabla hatujafika shambani tuliona moshi wa tanuri, mweupe, umelala juu ya mahindi.

"Vijana wangu wanafyatua matofali," mama yule alisema. "Siku hizi kila mtu anajenga."

Kukhu alielekeza kwa fimbo. Cha zizini kilikuwepo, kimeota majani. Cha njiani kilikuwepo, kimezungushiwa vijiti, kina mwenyewe. Tukashuka kuelekea mpakani. Pale palikuwa na shimo lenye maji ya mvua, na kando yake matofali mabichi yamepangwa chini ya nyasi, safu kwa safu, mengine tayari yakiwa ndani ya moto.

Mjomba alivua kofia, akaivaa tena, hakujua afanye lipi. Kukhu alisimama ukingoni mwa shimo na kutazama nyuma, kile cha zizini, kile cha njiani, kisha maji.

"Nisomee neno lake la mwisho uliloliona," aliniambia.

"'Kile,'" nilisema.

Akangoja, kana kwamba nilikuwa nageuza ukurasa.