Sikio la Kushoto

Siku Edwin alipopigiwa makofi ukumbini, Skolastika alikuwa ameketi safu ya nne, mikono ameikalia, isije ikapiga na yenyewe kwa mazoea. Ukutani projekta ilikuwa inaonyesha mfumo wa kusajili alama za ng'ombe. Unaandika alama za masikio, unabonyeza, jina la mwenye ng'ombe linatokea. Hakuna kitufe pale ambacho hakukiweka yeye. Hata ile rangi ya njano aliichagua yeye, baada ya kugundua mnadani kwamba kwenye jua kali rangi nyingine zinafifia usizione.

"Na mwenzako?" mgeni mmoja aliuliza. "Si mmesema mlifanya wawili wawili?"

"Ndiyo, alisaidia," Edwin akajibu, akanyoosha kidole kwa heshima. "Dada Skolastika yule pale. Yeye alikusanya takwimu."

Watu wakageuka kumtazama. Edwin akamtabasamia, tabasamu la mtu anayekupa kiti chako mwenyewe ukalie. Saa ile ile, bila kuapa wala kulia, Skolastika akaamua kwamba huyu mtu lazima aanguke, na aanguke mbele za watu.

Alikuwa ametoka mbali kufika ukumbini pale. Baba yake, mzee Machibya, analima pamba na kufuga ng'ombe nje kidogo ya Nyamuswa. Siku binti yake alipochaguliwa kusoma uhandisi wa programu kwenye chuo kikuu kipya cha kando ya Musoma, mzee aliuliza swali moja tu: "Utakuwa unatengeneza kompyuta zilizoharibika?" Skolastika alisema ndiyo, kwa sababu na yeye hakuwa na hakika. Alichofikiria ni chumba chenye ubaridi, yeye na mashine wakielewana wawili tu, hakuna mtu wa kumsumbua.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na ubaridi wala kuelewana. Kulikuwa na hesabu na mantiki, na mtihani wa kuandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, ambako ukisahau nukta moja umeanguka. Waliokuja wakidhani watafundishwa kudukua simu za watu walihama kozi kabla ya Pasaka. Mwaka wa pili ndipo alipoelewa amejiingiza wapi. Mhadhiri wao, Madam Prudence, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, aliwaambia: "Kuandika programu ni robo ya kazi. Robo tatu ni kumuuliza mtu anachotaka, kuelewa kile alichoshindwa kukisema, na kujaribu kazi yako mpaka ikukatae. Asiyependa watu akasome kitu kingine." Skolastika, ambaye alikuja akiwakimbia watu, alishangaa kujikuta anaipenda ile robo tatu.

Kwa hiyo mradi wa mwaka wa tatu ulipofika, wazo lilikuwa lake. Ng'ombe wakiibiwa huku Mara, huuzwa kwenye mnada wa mbali, na mwenyewe akija kulalamika hana cha kuonyesha zaidi ya maneno. Akapangiwa kufanya na Edwin, kijana wa Musoma mjini, mwenye laptop yake na Kiingereza cha kuteleza. Skolastika hakuwa na laptop. Wakakubaliana: yeye ataandika programu kwenye mashine ya Edwin mchana, Edwin ataandika ripoti. Siku za mnada Skolastika alipanda basi hadi Bunda, kisha Nyamuswa, akazunguka na daftari kubwa. Alichora kichwa cha kila ng'ombe, akaonyesha mikato ya masikio, na kila mfugaji akaandika jina pembeni au akaweka dole gumba. Edwin hakwenda hata mara moja. Alisema harufu ya mnada inamletea mafua.

Ripoti ilipotoka, ilikuwa na jina moja la msanifu. Historia yote ya programu, kila mstari na tarehe yake, ilikuwa na jina la Edwin, maana mashine ilikuwa ya Edwin. Siku moja baada ya makofi, Skolastika alimkuta kwenye baraza la maabara.

"Edwin, umenifuta."

"Nani kakufuta? Umo. Ukurasa wa kumi na tisa."

"Programu niliandika mimi. Unajua."

Edwin alifunga begi lake taratibu. "Dada, tusidanganyane. Wewe ulikuwa unaongea na ng'ombe. Mimi nilikuwa naongea na watu. Kwenye maisha wanaangalia nani aliongea na watu."

Alikwenda kwa Madam Prudence. Madam alisoma ripoti, akafungua mashine, akasoma historia. "Hapa naona jina moja," alisema. "Una kitu chochote chenye tarehe, kinachoonyesha kazi yako?"

Skolastika alikuwa nacho. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, linagusa goti lake. Lakini ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na jambo ambalo Edwin hakulijua, na akiona daftari atalijua. Akasema, "Sina, Madam."

Edwin akapata A. Yeye akaambiwa atarudia mradi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi, alikutana mnadani na mzee Clementi, mfugaji kutoka Butiama, mtu mwembamba anayezungumza kama anahesabu maneno. Skolastika alimsomea alama za ng'ombe wake: "Sikio la kushoto, mikato miwili." Mzee akacheka.

"La kulia, binti."

"Mzee, hili ni la kushoto."

"La kushoto kwake yeye ng'ombe. Sisi kwetu tunasomaga tukiwa mbele, tumemshika pembe. Ukisimama mbele, mkono wako wa kulia unagusa hili. Kwa hiyo ni la kulia. Nyie mnasomaga mkiwa nyuma."

Skolastika akasogea mbele ya ng'ombe, akamtazama akiwa upande wa mzee. Mfumo wake ulikuwa na kisanduku cha KUSHOTO na cha KULIA, basi. Haukumuuliza mtu amesimama wapi. Nusu ya wafugaji wangesajili ng'ombe wao kinyume na nusu nyingine, alama ileile ingeingia mara mbili bila mfumo kugundua, na ng'ombe wa huyu angeonekana mali ya yule. Aliandika yote kwenye ukurasa wa mwisho, mzee Clementi akasaini, na Skolastika akapanga kurekebisha Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku aliyoiona ripoti, na ndiyo siku ya makofi ukumbini. Akafunga daftari.

Hakuharibu kitu. Hilo alijiambia mara nyingi. Alichofanya ni kunyamaza. Umoja wa wafugaji ulipousikia mfumo na kumwita Edwin aje awawekee, alinyamaza. Makarani walipozunguka na simu kijiji kwa kijiji, miezi miwili, Nyamuswa hadi Butiama, alinyamaza. Edwin alipita chuoni na fulana yenye nembo ya umoja, akampa mkono kumsalimia. Alimwitikia vizuri. Jumapili alikwenda misa Nyegina kwa miguu sehemu ya njia, ili apate kuwaza, na sala ilipofika kwenye kusamehe waliotukosea alifunga mdomo akasubiri wenzake wapite. Hakutaka kumdanganya Mungu. Alilala vizuri siku hizo. Alikula vizuri. Chuki ilimpa nguvu kama uji wa asubuhi.

Kila siku ya mnada alikwenda Nyamuswa kungoja. Mara mbili hakikutokea kitu. Mara ya tatu Edwin mwenyewe alikuwepo, amesimama langoni na karani wa umoja, na Madam Prudence alikuwa amekuja na wanafunzi wa mwaka wa pili kuona mfumo ukifanya kazi. Skolastika alitafuta mahali penye kivuli, pa kuonea vizuri. Alijinunulia muwa.

Ng'ombe walipita mmoja mmoja. Karani alisimama nyuma yao akisoma masikio, Edwin akiandika. Akaja dume jekundu. "Kushoto, mikato miwili," karani akasema. Edwin akabonyeza, uso ukabadilika.

"Huyu ameripotiwa kuibiwa," alisema kwa sauti, na ndani ya sauti ile mlikuwa na furaha. "Mali ya Gabriel wa Nyamuswa. Nani kamleta?"

Aliyeshika kamba alikuwa mzee Clementi.

Muwa ukabaki mdomoni. Katika miezi yote ile Skolastika alikuwa ameona uso mmoja tu ukiaibika, wa Edwin. Hakuwahi kujiuliza kamba ya ng'ombe itakuwa mkononi mwa nani.

"Dume langu hili," Clementi alisema. "Nimelizalisha mwenyewe."

Gabriel alikuwepo. Dume lake lilikuwa limepotea mwezi mzima, na uchungu ulikuwa bado mbichi. Hakuuliza rangi. "Ndiyo huyu!" alipiga kelele, na neno mwizi likatoka kwenye vinywa ishirini kwa pamoja. Fimbo ya kwanza ilimpata mzee begani. Ya pili aliikinga kwa mkono, ukasikika mlio.

Skolastika hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka kwamba alimlalia mzee mgongoni, na kwamba fimbo moja ilimpata yeye kiunoni. "Mfumo umekosea!" alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyeutengeneza! Umekosea!"

Kelele zikapungua, maana lilikuwa jambo geni. Skolastika akasimama, akamgeukia Edwin. Kile alichokuwa amekingoja kwa miezi sasa kilikuwa mbele yake, na hakukiacha kipite, hata wakati ule, hata na mzee akiugulia miguuni pake.

"Edwin. Waambie watu. Sikio la kushoto ni lipi?"

"La... la kushoto. Hili."

"La ng'ombe, au la anayemtazama?"

Edwin alitazama ng'ombe, akatazama simu, akatazama karani.

"Wakati wanasajili Butiama, walisimama mbele au nyuma? Wewe si ndiye msanifu? Uliwauliza?"

"Hiyo... hiyo ni kazi ya makarani."

"Uliwauliza au hukuwauliza?"

Edwin akaanza kubonyeza simu tena. Mzee mmoja akasema, "Kijana hajui hata ng'ombe ana kushoto wapi," na kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko fimbo. Edwin alirudi nyuma hadi akakanyaga mavi, na watu wakacheka tena. Skolastika alikiona kila kitu. Kilikuwa kitamu. Asingeweza kusema uongo juu ya hilo: kilikuwa kitamu.

Karani akatafuta "kulia, mikato miwili", na jina la Clementi likatokea, na rangi ya dume, na kijiji. Gabriel alitupa fimbo yake chini akaondoka bila kuaga. Mzee alipakiwa kwenye bodaboda, mkono umefungwa kwa khanga, akapelekwa hospitali Bunda.

Jumatatu Madam Prudence alimwita ofisini. Safari hii Skolastika aliweka daftari mezani. Madam alilisoma ukurasa kwa ukurasa: vichwa vya ng'ombe, tarehe, dole gumba la wino wa zambarau. Akafika wa mwisho. Aliusoma mara mbili.

"Daftari hili linasema kazi ni yako," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuvuka meza. "Linasema pia kwamba ulijua, tangu kabla ya kukabidhi. Nilikuuliza kama una kitu chenye tarehe, ukaniambia huna."

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aanguke."

"Ameanguka. Na mzee wa watu amevunjika mkono." Alifunga daftari. "Aliyeiba kazi nitamfanyia linalomstahili. Wewe sijui nikufanyie nini. Mfumo ambao mhandisi anajua una kasoro na ananyamaza, Skolastika, huo si mfumo wa Edwin tena. Ni wa kwako."

Kamati ilifuta A ya Edwin. Wote wawili waliamriwa kurudia mradi, pamoja, mfumo uleule, na barua ya onyo ikaingia kwenye faili la kila mmoja. Tofauti ilikuwa moja: safari hii kiongozi alikuwa Skolastika. Alimpangia Edwin kazi ya kushika pembe. Kila mnada, muhula mzima, Edwin alisimama mbele ya ng'ombe, karani nyuma, na masikio yakasomwa mara mbili. Ng'ombe walimkojolea viatu. Ndama mmoja alimpiga teke la paja, akachechemea hadi kituo cha basi, na Skolastika hakupunguza mwendo.

"Unafurahi?" Edwin alimuuliza siku hiyo.

"Ndiyo," alijibu.

Mfumo mpya hauna kushoto wala kulia. Una picha ya kichwa cha ng'ombe, na unagusa sikio lenyewe. Ni kitu rahisi kiasi cha kuudhi. Umoja unautumia hadi sasa, na Skolastika alipomaliza chuo ndiye waliyemwajiri kuutunza.

Kabla ya kuuwasha alikwenda Butiama, amebeba kilo mbili za sukari. Mkewe Clementi, mama Hana, alimpokea na kumpa kiti. Mzee alitoka, mkono umepona lakini umepinda kidogo kwenye kifundo. Skolastika alimweleza yote, hakuficha hata lile la kunyamaza.

"Kwa hiyo siku ile niliposaini," mzee alisema, "ulijua watu watachanganyiwa ng'ombe."

"Nilijua, mzee. Najua kusema pole tu hakutoshi. Naomba unisamehe."

"Na ulikuwa na ugomvi na mimi?"

"Hapana, mzee. Na Edwin."

Clementi aliutazama mkono wake, akaugeuza juu na chini. "Ungempiga yeye," alisema. Akaingia ndani. Mama Hana alimrudishia sukari, si kwa hasira, aliiweka tu kwenye mkoba wake na kumsindikiza hadi njiani.

Zaidi ya ng'ombe elfu nne wamesajiliwa. Wa mzee Clementi hawamo.