Mvi na Miiko ya Kituyi

Mniache nimseme mume wangu, maana nisipomsema nitapasuka. Mnamwona Mzee Kituyi wa leo, blanketi begani, akikemea kila kijana anayepita: "Mkataa kwao mtumwa!" Jamani! Mimi Selpha nilimjua wakati mkataa kwao alikuwa yeye.

Tulipotoka Kimilili tukiwa vijana, tukaja kulima kwa kaburu mmoja upande wa Kimumu, hapa karibu na mji wa Eldoret, Kituyi alivaa kofia upande na hakuogopa mwiko wowote. Kwetu Bukusu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Huyu wangu aliingia nyumbani kwa mama yangu, akaketi, akaomba chai! Mama maskini alitokea mlango wa nyuma akakimbilia shamba la wimbi. Wazee walipomkaripia, akawajibu, "Hayo ni mambo ya zamani, mimi nimesoma Biblia."

Sawa. Kisha mvi zikaota, na kila unywele mweupe ukaja na mwiko wake. Mara mwanamke asile kuku, na ni yeye aliyenionjesha paja la kuku mara ya kwanza! Mwana wetu Wanyonyi alipomwoa Nanzala, ndio mambo yakaharibika kabisa. Baba mkwe na mke wa mwanawe nao hawakaribiani, lakini Kituyi alizidi. Akisikia msichana wa watu anakohoa, anageuza njia. Hata jina lake halitaji, anamwita "yule mtu wa kwa Wanyonyi."

Mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla, wakati wa mvua kubwa, Nanzala akashikwa na uchungu. Wanyonyi alikuwa amepeleka ng'ombe wa kaburu Turbo. Jirani yetu Jemutai, ambaye ni mkunga, alitoka ndani amekunja uso.

"Mama Wanyonyi, mtoto amelala vibaya. Mpelekeni hospitali, la sivyo tutawapoteza wote wawili."

Kaburu akatoa gari la maksai. Na maksai wale wanamsikia nani? Kituyi peke yake!

"Nitapandaje gari moja na mke wa mwanangu?" akauliza.

"Atakufa, Baba Wanyonyi!"

"Tafuteni mtu mwingine."

Nikamwita kwa jina lake, "Kituyi!", jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya mbele ya watu. Basi akakubali kutembea mbele, akiwavuta maksai kwa kamba, bila kugeuka nyuma. Mvua inanyesha, Nanzala analia, na bwana mkubwa anatembea kama anaenda kanisani. Kwa hasira nikashindwa hata kumwomba Mungu.

Kwenye kijito, karibu tuingie mjini, magurudumu yakazama. Maksai wakavuta, wapi! Na mabati ya hospitali tunayaona pale juu. Mimi na Jemutai tukamwinua Nanzala, tukateleza, tukaanguka naye matopeni. Kituyi amesimama tu, ametupa mgongo, mjeledi mkononi. Nikamtukana. Maneno yale siyarudii, mimi ni mtu wa kanisa.

Ndipo Nanzala, ambaye hakuwa amewahi kumsemesha, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nakufa."

Kituyi akageuka. Akautupa mjeledi, akambeba mikononi, akavuka kijito, akapanda kilima mpaka mlango wa hospitali, akimwambia njia nzima, "Vumilia, mwanangu. Vumilia." Sisi tulimkimbilia nyuma tukashindwa kumfikia. Jioni mtoto wa kiume akazaliwa, na mama yake akapona.

Mnadhani yaliishia hapo? Nanzala aliporudi nyumbani, wazee wenzake Kituyi, walewale anaokaa nao kulaumu vijana, wakaja uani. Amemgusa mke wa mwanawe, wakasema. Atoe kondoo achinjwe ili yeye atakaswe, la sivyo laana itaingia katika boma. Nikajua atakubali. Mtu aliyekataa hata kugeuza shingo, angekataa hilo?

Kituyi akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamwinua mbele yao.

"Uchafu wenyewe ni huu. Nani anataka kuuosha?"

Wakachukua fimbo zao wakaenda, na mmoja mpaka leo hamsalimii.

Kesho yake akamchinja kondoo yuleyule waliyemtaka, ili Nanzala apate supu ya mzazi. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Nikaipika supu ikaiva vizuri, nikamimina bakulini, nikamwambia, "Haya, Baba Wanyonyi, mpelekee mwenyewe basi."

"Mimi?" Akaruka kutoka kitini. "Niingie nyumba ya mke wa mwanangu? Mama, una wazimu?"