Viatu vya Luciana Vilivyobaki Mlangoni

Dresa Fabiano alijifunza kufunga vidonda mwaka mmoja tu, lakini ukimsikia akijisifu ungedhani Waingereza walimwomba ruhusa kabla ya kuingia Iramba.

Siku moja Luciana, mke wa Kefa, aliingia zahanati akichechemea. Kwa adabu, viatu aliviacha mlangoni. Fabiano akamwinua mguu. Vidole vitatu vya katikati vimejikunja kama makucha ya kunguru, na juu ya kila kifundo sugu nyekundu.

"Vinauma sana, dresa."

Fabiano hakumwambia asimame atembee, wala hakugusa kidole. Alirudi nyuma, akapaza sauti mpaka foleni ya nje ikasikia: "Mama, huu ni ukoma! Jiandae kwenda kambi ya wakoma."

Foleni ikatawanyika kama kuku.

Wiki ya pili akaja Mzee Urbano, mganga wa hospitali ya mjini, kukagua kazi. Fabiano akampeleka kwa mgonjwa wake, kifua mbele. Walimkuta Luciana kwenye kibanda cha mbuzi, bakuli lake limetengwa. Kefa alisimama hatua kumi mbali.

"Shikamoo, baba," Luciana akamwamkia mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Lete mguu."

Urbano alipiga magoti, akabonyeza kidole kimoja kimoja. Luciana akaruka. Urbano akamfumba macho, akampapasa vidole kwa unyoya, na kila alipogusa, Luciana alisema, "Hapo." Akajaribu kuvinyoosha: viwili vikakubali, kimoja kikagoma. Akamtembeza. Kisha akauliza, "Unavaa nini?"

Vikaletwa vile viatu alivyoviacha mlangoni siku ile, vyeusi, vilivyochongoka mbele, zawadi ya kaka yake aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge. Urbano akaweka kimoja kando ya mguu. Upana wake haukutosha hata nusu ya vidole.

"Fabiano, ukoma ukishakunja vidole, ngozi husikia?"

"Haisikii, mzee."

"Na huyu alikuambia vinauma?"

"Aliniambia."

"Kumbe unajua!"

Hapo aibu ikamshika mtu wetu, ikamshika mpaka masikio. Angekuwa hajui ingekuwa nafuu. Alijua, alitaka tu foleni imsikie.

"Nisamehe, mama," akanong'ona.

"Siku ile ulinong'ona?" Luciana akamuuliza.

Basi siku ya mnada Fabiano alisimama katikati ya wauza ng'ombe, Luciana akiwa pembeni na Kefa bado hatua kumi mbali naye. "Luciana hana ukoma! Ni viatu! Nilikosea mimi!"

"Sema tena, dresa, huku nyuma hatujasikia!"

Akarudia. Wakacheka, wakamwambia arudie tena. Mara ya nne sauti ilimkauka, macho yakiwa chini, na Kefa akazivuka zile hatua kumi, akamshika mkewe mkono.