Vikombe vya Mtaa Wetu

Siku niliyokabidhiwa kishikwambi na fulana yenye nembo, nilijiona waziri. Mji wa Tabora ulikuwa unapangiwa maji ya miaka ishirini mbele, nami nikapewa mtaa wetu wenyewe nihesabu watu: wangapi wapo, wangapi wataongezeka. Bosi alinionya mapema. Mtaa wenye watu wachache utapata bomba jembamba, na likishafukiwa ndiyo basi, hakuna wa kulifukua. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa jioni.

Haya, sasa kahesabu watoto wa watu.

"Shikamoo mama. Mnaishi wangapi hapa?"

"Marahaba mwanangu. Tupo."

"Wangapi, mama?"

"Tupo, Mungu anatulinda."

Nyumba ya pili wakasema wapo kiasi. Ya tatu, fundi cherehani akanituma nikamwulize Mungu aliyewaleta. Kwetu mtu hahesabiwi, maana kumhesabu ni kumwitia kijicho, na hilo nililijua tangu nanyonya. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini niliogopa, kwa sababu kishikwambi kikiachiwa nafasi tupu kinajiandikia chenyewe: wanne. Wanne! Kwa mama yangu, ninakoishi na mume wangu, kulikuwa na shangazi aliyeshuka kwenye treni kutoka Tura kuja kusalimia tu, na binamu wa Sikonge aliyekuja kliniki akasahau kurudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata kuku wetu walizidi wanne.

Ijumaa mchana niliingia uani nimenuna.

"Mama, mtabeba ndoo miaka ishirini kwa ukaidi wenu huu!"

Mama alikuwa anaosha vyombo. Wala hakugeuka.

"Nani kakutuma uhesabu watu? Vikombe huvioni?"

Nilitamani kujipiga kofi. Katika nyumba za mtaa wetu kila anayelala ndani ana kikombe chake, na ole wako unywee cha mwenzako. Mama akapaza sauti juu ya ukuta: "Jamani, toeni vikombe barazani! Vya wanaolala humo tu!"

Habari ikaruka ukuta hadi ukuta. Masinia yakatoka, vikombe vya bati, vya udongo, vya plastiki, kimoja hakina mkono. Nilikimbia baraza hadi baraza nikiandika, viatu mkononi, furaha imenipanda kichwani. Fundi cherehani alitoa vikombe kumi na moja akasimama pembeni akitazama mbingu, asije akaambiwa kahesabu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Vikombe kumi na vitatu. Nikasoma swali lililobaki kwa sauti: "Je, mnatarajia kuongezeka?"

Mama akaingia ndani, akarudi na kikombe kidogo kipya, lebo ya dukani bado imebandikwa. Akakiweka ukingoni mwa sinia, macho yake kwenye tumbo langu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu.

"Mama!"

"Mimi sijahesabu mtu," akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Nikaandika kumi na nne, nikatuma, nikakaa chini barazani nikilia na kucheka kwa pamoja.

Bomba tulilofukiwa ni nene. Mwenye kikombe kile sasa ana miaka mitatu, na koki ya uani anajua kuifungua. Kuifunga bado.