Maneno Mia Tatu Kuhusu Alama Moja

Nimefundisha watoto viziwi hapa Bagamoyo kwa muda mrefu, hata mikono yangu hujibu kabla mdomo haujafunguka. Nikiwa sokoni, muuza samaki akaniuliza nataka changu au kibua, mara nyingine namjibu kwa vidole, kisha tunacheka wote wawili. Kitengo chetu kimo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Tuna madarasa mawili, bweni, na uwanja wa mchanga. Walimu ni mimi na mwenzangu, kijana ambaye mwenyewe ni kiziwi wa kuzaliwa. Yeye ndiye mwalimu hasa wa Lugha ya Alama. Mimi nilijifunza ukubwani, na watoto husema mikono yangu ina lafudhi.

Mwaka juzi aliletwa msichana kutoka Saadani. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa la kwanza, mrefu, na macho yake hayakutulia. Kwao hakuwahi kukutana na kiziwi mwingine. Siku ile alisimama mlangoni akawaona watoto wakibishana, mikono inaruka na kukatizana, nyuso zimekunjwa, huyu anacheka, yule amenuna. Akashika mwimo wa mlango kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu. Mwenzangu akamwendea, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, kisha akajionyesha kifuani: mimi pia. Mtoto akamkagua sikio moja, akamzunguka akakagua na la pili. Halafu akagusa la kwake.

Hakujua hata alama moja ya zile tunazofundisha, lakini hakuja mikono mitupu. Alikuwa na alama zake alizotumia kuzungumza na mama yake, na moja ilikuwa ya maji kupwa. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, ukawa ndio ufuko. Kiganja cha kulia akakilaza karibu na kiwiko, akakiteremsha polepole hadi vidoleni na kukipeleka mbali, vidole vikichezacheza kama mawimbi madogo. Maji yakijaa, kiganja kilirudi na kupanda mpaka kiwikoni. Wenzake kwanza walimcheka. Muhula haujaisha, kila mtoto wa kitengo alikuwa akiitumia.

Kisha mlezi wa bweni akaenda likizo ya uzazi. Asubuhi mtoto mmoja mdogo akauliza yuko wapi, na kabla sijamjibu, yule msichana alimgeukia. Akafanya alama ya mlezi, halafu akafanya maji yanakupwa, akakisimamisha kiganja kule mbali, akamtazama yule mdogo na kutabasamu. Mdogo akaelewa, akarudi kwenye uji wake. Mlezi ameondoka, na kama maji, atarudi.

Nilijiambia ni bahati tu. Lakini baada ya muda mvulana mmoja wa darasa la tatu alifiwa na babu yake. Wenzake walimzunguka uwanjani, na mmoja wao, mtoto wa mjini ambaye hajawahi kufika Saadani, akaifanya alama ile. Maji yakakupwa, kiganja kikaenda mbali, na kule mbali kikaanguka kando kama kitu kilichokatika kamba. Mvulana akaitikia kwa kichwa, akalia.

Nilikuwa nimesimama kibarazani na chaki mkononi. Hakuna aliyewafundisha lile. Halimo katika kitabu chochote tulichopewa. Neno la mtoto mmoja wa pwani lilikuwa limezaa neno la kifo mbele ya macho yangu, wakati wa mapumziko, na uwanjani wengine walikuwa wanaendelea kucheza mpira.

Nilimsimulia mhadhiri wangu wa zamani wa chuo, mama ambaye hadi leo namwamkia kabla ya salamu nyingine yoyote. Alinisikiliza kwenye simu bila kunikatiza.

"Marahaba, mwanangu, ngoja kwanza," alisema, ingawa shikamoo nilikuwa nimeitoa zamani. "Kuna kongamano la lugha linakuja, hapa Dar. Wanataka ikisiri, muhtasari mfupi tu. Maneno yasizidi mia tatu. Yaandike hayo hayo uliyoniambia."

"Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi."

"Kwani nimekuuliza unafundisha wapi?"

Nikaandika. Niliandika kwa siku kadhaa, na kila nilipoandika nilijiona msomi zaidi. "Makala haya yanakusudia kuchunguza mchakato wa upanuzi wa kimaana miongoni mwa wanafunzi wenye changamoto za usikivu katika mazingira ya mwambao." Nikampa mwenzangu asome. Alisoma mpaka mwisho, akaiweka karatasi mezani.

"Unamwandika nani?" aliniuliza kwa mikono.

"Msichana wetu."

"Simwoni." Kisha akachukua kalamu akakata yale maneno ya changamoto za usikivu, juu yake akaandika: viziwi. "Mimi sina changamoto," alisema. "Mwenye changamoto ni wewe. Mpaka leo alama ya Alhamisi unaikosea."

Tulicheka, lakini aliniachia kazi. Namna gani unaeleza kwa maneno kitu kilichozaliwa bila maneno? Kila sentensi niliyoandika ilikuwa kama kusimulia wimbo kwa kutaja vyombo vilivyopigwa. Mwishowe nikamwomba tuandike wote wawili, jina lake na langu, na ukumbini tusimame pamoja. Alifikiri kidogo. Akasema atakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeifanya ile alama, kwa kuwa mimi nikiifanya watadhani napaka mafuta.

Waandaaji walitaka pia idhini ya mzazi, kwa vile tulikuwa tunamzungumzia mtoto. Shule zilipofungwa nikampeleka msichana nyumbani mwenyewe. Mama yake tulimkuta anaanika uduvi juu ya nyavu zilizotandazwa. Alikuwa mdogo sana kuliko nilivyofikiri. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Amefanya nini?"

"Hajafanya kosa. Amefanya jambo kubwa, ndiyo maana nimekuja."

Tulikaa kivulini. Nikamweleza kuhusu kongamano, kwamba ni mkutano wa wasomi, kila mmoja hueleza alichokiona na wengine humuuliza maswali. Nikamweleza jinsi alama ya maji ya mwanawe ilivyoenea shuleni, na jinsi watoto walivyoipa maana ya mtu anayeondoka na kurudi. Nilikuwa najivunia sehemu hiyo. Ndiyo ilikuwa kiini cha ikisiri yangu: alama iliyozaliwa Saadani kwa ajili ya maji, ikaja Bagamoyo, ikakutana na watoto wengine, ikapata maana mpya.

Mama alinisikiliza huku anamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameshaanza kugeuza uduvi.

"Lakini mwalimu," alisema, "hiyo maana alikuja nayo."

"Vipi?"

"Alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hayajang'oka. Baba yake alikuwa ameondoka kwenda Tanga kutafuta kazi. Mimi nimekaa hapo mlangoni, nimeshika tama, sisemi na mtu. Na hata ningesema, yeye asingesikia. Akaja akakaa karibu yangu. Akanichukua mkono." Mama aliunyoosha mkono wake wa kushoto. "Mkono wangu mimi, si wa kwake. Akapitisha kiganja chake hivi, kikateremka, kikaenda. Nikasema, mtoto anacheza. Halafu akakirudisha. Kikapanda, kikapanda, mpaka hapa. Akaniangalia usoni kuona kama nimeelewa."

"Ukaelewa?"

"Nililia, mwalimu. Nilijua anasema baba atarudi. Ya maji ilikuja baadaye. Siku moja maji yamekupwa, nikamwonyesha bahari kwa ile alama yake, naye akacheka sana, kama vile nimegundua siri."

Niliangalia ngozi ya mkono wa yule mama, mkavu na mweupe kwa chumvi. Huo ndio mkono ambao mtoto asiyesikia, asiye na mtu wa kumfundisha, aliwahi kuandika juu yake sentensi yake ya kwanza ya kumliwaza mtu. Nilikuwa nimeipanga nadharia yangu vizuri, kwanza bahari, baadaye binadamu. Kumbe kwake binadamu ndiye aliyetangulia.

"Na baba yake alirudi?" niliuliza.

"Alirudi. Sasa hivi yuko kule kwenye hifadhi ya wanyama, kibaruani."

Idhini alitoa. Lakini alisema binti naye aulizwe. Hapo nikakwama, kwa sababu kongamano halikuwa na alama katika kitengo chetu. Nikajaribu: watu wengi, wamekaa, mmoja mbele anazungumza. Msichana akanitazama kwa huruma ile wanayonitazama nayo wakati naikosea Alhamisi.

"Ni viziwi?" aliuliza.

"Wengi wanasikia."

"Sasa wataionaje?"

Nikamwambia kutakuwa na mkalimani, na mwalimu wake, yule mwenzangu, ataonyesha kwa mikono yake, na watu wataona. Akafikiri. Akasema ni sawa, ila waambiwe wasiangalie mdomo.

Niliporudi Bagamoyo niliifuta ikisiri yote. Safari hii sentensi ya kwanza ilikuwa ya mtoto na mkono wa mama yake. Ya pili ikaenda bwenini, ya tatu uwanjani kwa yule mvulana aliyefiwa. Sikuandika neno mchakato popote. Maneno yalipozidi, mwenzangu alikata, na kila alipokata niliona afadhali. Mwishoni tukaongeza kwamba alama yenyewe haiwezi kuandikwa, itaonyeshwa ukumbini.

Tuliituma mchana, kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, watoto wamejazana dirishani. Ukurasa uliuliza majina ya waandishi, maneno msingi, na kama tunahitaji vifaa maalumu. Mahali pa vifaa mwenzangu akaandika: mwanga wa kutosha. Nikabofya. Duara likazunguka, likazunguka, umeme ukayumba kidogo, halafu yakatokea maandishi ya kijani kwamba kazi yetu imepokelewa. Watoto dirishani wakapunga mikono yote miwili juu, vidole vikitikisika, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Ofisi nzima ilikuwa kimya, na nje kulikuwa na shangwe.

Majibu yalichukua muda mpaka nikaanza kujizoeza kukataliwa. Yalipokuja, tulikuwa tumekubaliwa. Wasomaji wawili, ambao majina yao hatukuyajua, walikuwa wametoa maoni. Mmoja alisema ushahidi wa mtoto mmoja ni mdogo, tuwe waangalifu. Alikuwa na haki. Wa pili aliandika sentensi moja tu: "Naomba niwekewe kiti mahali nitakapoiona mikono vizuri." Nilisoma hiyo mara nyingi. Mahali fulani, mtu mwenye shahada zake alikuwa ameisoma karatasi ya walimu wa Bagamoyo na kutaka kukaa mbele.

Tukaanza mazoezi. Tulisogeza madawati, watoto wakawa ndio wasomi. Walikaa kwa heshima ya kuchekesha, mmoja amejitengenezea miwani ya waya, mwingine anaandika mambo ambayo hayapo. Mimi nilisema kwa mdomo na mikono, mwenzangu akaonyesha alama. Tulipomaliza akawaambia waulize maswali kama wanavyouliza maprofesa. Aliyevaa miwani aliuliza kama kutakuwa na wali. Mwingine akauliza ukumbi una feni ngapi.

Kisha msichana wa Saadani akanyoosha mkono. Muhula ule tulikuwa tumewapeleka Kaole kuona magofu ya mji wa kale, na inaonekana alikuwa amerudi na kitu kichwani ambacho hakukisema siku ile. Alisimama, akarekebisha sketi yake.

"Wale watu wa Kaole waliojenga zile kuta," alisema, "viziwi wao walizungumza na nani?"

Kila mtoto akamtazama mwenzangu, halafu mimi. Nilifikiria mji ule wote, karne zote zile, watoto waliozaliwa ndani ya zile kuta bila kusikia, na alama walizozifanya juu ya mikono ya mama zao, ambazo hakuna jiwe lililozihifadhi. Nilimgeukia mwenzangu. Mikono yake ilikuwa imetulia mbele yake, imefunguka kidogo, kama ya mtu aliyetaka kuanza kusema akasita.

"Sijui," nilimjibu yule mtoto. "Hakuna anayejua."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akaitazama mikono ya mwenzangu, akaendelea kungoja.