Nyaya Zote za Rangi Moja

Baba yangu hakuwahi kumlipa fundi wa gari. Aliwaita wezi, wote, bila kumbakisha hata mmoja, na aliwaita hivyo kwa sauti wakiwa wamesimama pale pale wakimsikia. "Ukimwachia fundi gari asubuhi, jioni anakurudishia lingine," alisema. Gari letu lilikuwa kuukuu tangu nikiwa shuleni, na kila Jumamosi Baba alikuwa chini yake uani kwetu Burumba, karibu na mpaka wa Uganda, miguu tu ikionekana. Nilimwona mkaidi. Bado namwona mkaidi.

Panya walipozitafuna nyaya za gari, alivuka mpaka kwa miguu akarudi kutoka upande wa Uganda na roli zima la waya. Wa kahawia, wote. Taa za mbele, taa za nyuma, honi, stata ya kuwashia injini, kila kitu akakifunga kwa waya ule ule. Nilipomuuliza atajuaje upi ni upi, aligonga paji la uso wake kwa kidole na kuendelea na kazi.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, maneno yakapotea. Macho yake yalitufuata chumbani, nasi tukawaambia wageni kwamba akili yake iko timamu, ni ulimi tu uliofungika. Mimi ndiye niliyesema hivyo zaidi ya wote. Niliwaambia majirani, watu wa kanisa, hata madaktari.

Hospitalini Alupe walitaka aletwe kufanya mazoezi mara kwa mara miezi ile ya mwanzo, kabla mwili haujazoea kulala. Kumfikisha ndiyo ilikuwa shida. Kwenye boda boda ilibidi tumfunge kwa leso kati yangu na mwendeshaji, naye akiinamia upande, mate yakimtoka, mtu ambaye hakukubali hata kufungiwa kamba za viatu. Siku moja alilia njia nzima. Nikaapa simpandishi tena pikipiki.

Gari lilikuwa pale uani, limekataa kuwaka. Nikamwita fundi. Alifungua boneti, akatazama, akanigeukia.

"Madam, nani alifunga hii?"

"Baba."

"Sasa nitajuaje hii inaenda wapi na hii inaenda wapi?"

"Fuatilia."

Alizifuatilia mpaka jua likawa kali. Ziliingia chini ya dashibodi, zikatokea kwingine, baadhi hazikufika popote. Akajipangusa mikono. "Injini haina shida. Lakini hii yote tukate, tuweke mpya. Kesho jioni inawaka."

Nilimkatalia kwa hasira. Nilimwambia kwamba Baba akipona akakuta kazi yake imetupwa, atanifukuza nyumbani. Nikamwita mwingine kutoka Nambale, akasema hayo hayo, nami nikamfukuza vilevile. Wiki zikapita bila mazoezi. Nilijua vizuri nilichokuwa nikimnyima, lakini sikukubali mtu aziguse zile nyaya, kwa sababu kuzikata kungekuwa kukiri kwamba Baba hatarudi kuzifunga.

Mwishowe nikapata wazo, nikalifurahia kama mtoto. Maneno hana, lakini mkono wa kushoto anao. Si atuonyeshe? Nikambembeleza yule fundi wa kwanza akarudi, tukambeba Baba na kiti chake cha plastiki hadi mbele ya gari.

Alipoona boneti iko wazi alinyoosha mkono. Jamani, moyo wangu uliruka! Alizipekua nyaya kwa vidole vile vile, kama nilivyozoea kumwona, akachagua moja.

"Hiyo ndio ya stata, mzee?" fundi akauliza kwa heshima.

Baba akaguna. Akachagua ya pili, akaigusisha na ya kwanza, akamwinulia fundi kidevu ili awashe. Fundi akazungusha ufunguo. Kimya.

"Jaribu ingine, mzee. Pole pole tu."

Akajaribu nyingine. Kimya tena. Akajaribu nyingine, na honi ikaanza kulia, ikagoma kunyamaza, majirani wakatoka nje, hadi fundi akachomoa betri. Baba hakushtuka. Hakukasirika pia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa kuwa Baba ninayemjua angeitukana honi, angemtukana fundi, angetutukana sote.

Alizitazama nyaya mkononi mwake kwa muda mrefu. Kisha akamkabidhi fundi, taratibu, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwapa mafundi maisha yake yote. Akaegemea kiti na kumtazama usoni, akingoja aambiwe gari lina shida gani.

Fundi akanigeukia.

"Kata," nikamwambia. "Kata zote."